Mtihani Usiopitika kwa Kukariri: Njia ya Kuelekea CCIE





Wanafunzi wa kompyuta katika jumuiya yetu wameuliza mara nyingi kuhusu vyeti vya mitandao: kipi kina uzito kwa mwajiri, kinasomewa vipi, na kama inajuzu kutumia yale maswali yaliyovuja ambayo vijana wanayaita dampu. Somo la leo linajibu kwa kukitazama cheti ambacho kwa miaka mingi kimehesabiwa miongoni mwa vigumu kabisa, yaani CCIE ya kampuni ya Cisco. Nimekichagua kigumu makusudi. Ukijua mtihani huo unapima nini, utajua pia namna ya kukisomea kile cha mwanzo, CCNA, ambacho wengi wenu mnakikusudia kabla ya kumaliza chuo.

Niseme mapema: CCIE si cheti cha mwanafunzi wa mwaka wa pili. Cisco yenyewe inashauri mtahiniwa awe na uzoefu wa kazi wa miaka 5 hadi 7. Anayekuahidi kwamba utakipata kwa miezi mitatu ukilipia kozi yake, muulize kwanza yeye ana namba gani.

Mtihani wenyewe

Nimesema namba kwa sababu kila anayefaulu hupewa yake. CCIE ilianza mwaka 1993, na hesabu ilianzia 1024. Namba hiyo ya kwanza ilipewa chumba cha maabara chenyewe. Namba 1025 akapewa Stuart Biggs, mhandisi aliyeutunga mtihani wa mwanzo, na 1026 akapewa Terry Slattery, mtu wa kwanza kuufanya na kuufaulu.

Siku hizo mtihani ulichukua siku mbili. Mtahiniwa alijenga mtandao kuanzia kwenye nyaya, siku nzima ya kwanza na sehemu ya siku ya pili. Kisha alitolewa nje, na msimamizi akaingia kuuharibu mtandao ule ule aliotoka kuujenga. Aliporudi alitakiwa kutafuta kilichoharibiwa na kukirekebisha kabla ya muda kwisha. Tangu Oktoba 2001 mtihani wa maabara umekuwa wa siku moja, muda wa saa 8. Shabaha yake haikubadilika: huulizwi tu unajua nini, unaambiwa ufanye, tena wakati saa inakwenda.

Kwa mkondo wa mitandao ya mashirika, mambo yako hivi. Kwanza unafanya mtihani wa kompyuta wa dakika 120, unaojulikana kwa namba 350-401. Ukiufaulu, una miaka mitatu ya kwenda maabara. Maabara ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya usanifu, saa 3, na haina kifaa hata kimoja cha kugusa. Unapewa michoro, maelezo ya kampuni ya kubuni, na barua pepe za mteja anayetaka hili na kulikataa lile, halafu unaamua njia ipi inafaa na kwa nini. Swali ukishalipita hulirudii. Sehemu ya pili ni ya saa 5, na hapo ndipo mikono inapoingia: kujenga, kuendesha na kuboresha mtandao ulio hai. Huko unaweza kwenda mbele na kurudi nyuma upendavyo. Lazima ufikie kiwango cha chini katika kila sehemu, kisha jumla nayo itoshe. Huwezi kufidia usanifu mbovu kwa vidole vyepesi.

Alama zinagawanywa hivi: miundombinu ya mtandao asilimia 30, mitandao inayoendeshwa kwa programu 25, na 15 kila moja kwa njia za usafirishaji, usalama na huduma, na otomesheni. Angalia hiyo asilimia 30 ya kwanza. Ndani yake zimo swichi, OSPF, BGP na ndugu zao, mambo yale yale ya CCNA yakiwa yamechimbwa hadi kwenye mwamba. Mwanafunzi anayeruka msingi akimbilie Python na otomesheni kwa sababu ndiyo lugha ya kisasa atakwama hapa. Ataandika programu nzuri ya kusambaza usanidi wenye kosa kwenye ruta mia kwa mara moja.

Kujua na kuweza

Chukueni mfano wa OSPF, itifaki ambayo kila mwanafunzi wa mitandao ameisoma darasani. Ruta mbili zilizounganishwa hupeana kitu kama salamu. Katika Etheneti, kwa kawaida kila ruta hutoa salamu kila baada ya sekunde 10, na jirani asiposikika kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa hayupo. Ili ujirani ukubalike, lazima baadhi ya mambo yalingane: eneo, muda wa salamu, kinyago cha mtandao, na nywila kama imewekwa. Haya yote mtu anaweza kuyakariri usiku mmoja na kupata alama zake kwenye karatasi.

Sasa ingia maabara. Salamu zinakwenda na kurudi, na kila kilichotajwa hapo juu kinalingana. Hata hivyo ukiandika "show ip ospf neighbor" unaona jirani amekwama kwenye EXSTART na havuki. Dakika tano zinapita. Aliyekariri ataanza kuhakiki upya orodha yake: eneo sawa, muda sawa, kinyago sawa. Ataizima ruta na kuiwasha. Aliyewahi kukutana na tatizo hili kwa mikono yake atakwenda moja kwa moja kwenye MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao kila upande unaukubali. Salamu ni pakiti ndogo, kwa hiyo hupita bila taabu. Baada ya salamu, kila ruta huanza kumweleza mwenzake yaliyomo katika daftari lake la njia, na katika maelezo hayo hutaja MTU yake. Ruta ikiona mwenzake anatumia MTU kubwa kuliko yake, huyakataa maelezo yale. Kwa hiyo wanabaki wakisalimiana mlangoni na hakuna anayeingia ndani.

Tofauti ya watu hao wawili haiko kwenye akili. Mmoja amewahi kulivunja jambo hilo mwenyewe na kulitengeneza, mara tatu au nne, mpaka neno EXSTART likawa kwake kama sauti ya mlango anaoujua.

Na hili si la kwenye mtihani tu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Sisi Uganda hatuna bahari. Mawasiliano yetu hushuka kwa nyaya za nchi kavu hadi Mombasa au Dar es Salaam ndipo yaingie baharini. Siku kama ile, iwapo hospitali au chuo kitabaki hewani inategemea kama yupo mtu aliyeiandaa BGP mapema ili trafiki ihame njia yenyewe: njia ya pili ipo, imeshajaribiwa, na haielekei kwenye kebo ile ile iliyokatika. Kazi hiyo haifanywi usiku wa dharura kwa kupekua kitabu.

Maabara ya chumbani

Swali linalofuata huwa ni la fedha: ruta tutazitoa wapi? Hamzihitaji. Kwa CCNA, programu ya Packet Tracer hutolewa bure na Cisco kwa anayejisajili katika chuo chake cha mtandaoni, na inatosha. Ukishaizidi, ziko GNS3 na EVE-NG, zinazokuwezesha kuendesha ruta nyingi ndani ya kompyuta moja. Cisco nao wana programu yao ya kuigiza mitandao, CML, na toleo lake la bure linaruhusu vifaa vitano kwa wakati mmoja.

Hapa pana jambo ambalo vijana hulipita haraka. GNS3 yenyewe ni bure, lakini mfumo endeshi wa ruta za Cisco unaouingiza ndani yake una mwenyewe na una leseni. Faili zinazozungushwa kwenye flashi hosteli nzima hazikutolewa na mwenye mali. Ndugu zangu, msione jambo hili ni dogo kwa sababu kila mtu analo kwenye laptopu yake. Mbadala upo: FRRouting, programu huria inayokaa juu ya Linux, inazungumza OSPF na BGP kamili, na amri zake zinafanana mno na za Cisco. Laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 8 itabeba ruta kumi za FRR bila kulalamika. Mantiki ya BGP haibadiliki kwa sababu ya nembo iliyo juu ya kifaa.

Kuhusu namna ya kufanya mazoezi, nashauri tuirudishe ile desturi ya mtihani wa zamani. Sisi tuna utaratibu wa halaka tayari, basi iwepo na halaka ya maabara: wawili wawili, kaka na kaka, dada na dada. Mmoja anajenga mtandao mdogo wa ruta nne hadi ufanye kazi. Akitoka kwenda kuswali Isha, mwenzake anauharibu kwa makosa matatu na kuyaandika kwenye karatasi anayoificha. Mjenzi akirudi anapewa dakika 20. Haruhusiwi kusoma usanidi wote mstari kwa mstari kutafuta kilichobadilishwa, maana kwenye mtandao wa ruta mia haitawezekana. Lazima aanze na dalili: nani hamfikii nani, na pakiti inafia wapi. Kisha wabadilishane.

Msishangae mkiona mvunjaji anajifunza kuliko mjenzi. Ili uharibu kitu kwa ustadi, dalili ionekane upande mmoja na chanzo kiwe upande mwingine, ni lazima uelewe kinavyofanya kazi.

Wekeni daftari, la karatasi. Kila kosa lililowachukua zaidi ya dakika kumi liandikwe: dalili, mlichodhani, kilichokuwa kweli. Umeme wa hosteli ukikatika, daftari hilo ndilo la kusoma. Jifunzeni pia kupekua nyaraka rasmi za Cisco, kwa kuwa ndani ya maabara ya CCIE nyaraka hizo zinaruhusiwa kufunguliwa. Zitamfaa anayejua tayari ukurasa anaoutafuta. Asiyejua zitamla muda.

Suala la dampu

Ndugu mmoja aliniuliza baada ya sala ya Ijumaa: "Kaka, dampu zinauzwa waziwazi, na wengi tunaowajua wamepita kwazo. Kampuni ni ya Marekani, haina hasara. Ubaya uko wapi?"

Ubaya wa kwanza ni ahadi. Kabla swali la kwanza halijatokea kwenye skrini, mtahiniwa hukubali mkataba wa kutunza siri ya maswali. Bila kuukubali hafanyi mtihani. Aliyekuuzia dampu ameuvunja mkataba wake au amenunua kwa aliyeuvunja, na wewe ukiingia chumbani na kubofya "nakubali", unaahidi uadilifu huku umebeba zao la khiyana. Kutimiza ahadi hakuna masharti ya utaifa wa uliyeahidiana naye. Kampuni nayo haijalala: ina haki ya kufuta matokeo na vyeti, na kumfungia mtu asifanye tena mitihani yake.

Ubaya wa pili unamhusu mwajiri. Yeye hakukuona ukifanya mtihani. Ameona cheti tu, akakiamini, akakukabidhi mtandao wa benki au wa wodi. Cheti kile ni maneno yako kwake kwamba "naweza". Muuzaji wa nafaka akiweka kavu juu na mbichi chini, sote tunajua jina lake.

Yule ndugu hakuishia hapo. "Na aliyekwisha kupita kwa dampu, mshahara wake ni haramu?" Mimi si mufti, na mwenye jambo hili mahususi amwendee sheikh anayemwamini. Lakini wanazuoni wa zama zetu wamewahi kuulizwa kuhusu aliyeghushi katika mitihani kisha akaajiriwa, na jibu linalojulikana sana ni kwamba atubie kwa alilofanya, na mshahara wake hauna tatizo ikiwa anaimudu kazi na kuifanya kama inavyotakiwa. Wengi husikia nusu ya mwisho wakapumua. Mimi naomba tulitazame lile sharti: ikiwa anaimudu kazi. Aliyekariri majibu mia nne bila kujenga mtandao hata mmoja anaimuduje? Siku jirani anapokwama EXSTART, saa nane za usiku, simu ya meneja inalia, dampu haina jibu. Kwa hiyo hata aliyepita kwa njia hiyo bado analo deni la kuketi na kujifunza kwa mikono kile ambacho cheti chake kinadai tayari anakijua.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya haki kuitaja. Ada ni kubwa. Kwa miaka mingi ada ya maabara ya CCIE imekuwa dola 1,600 kwa jaribio moja, kabla ya nauli, viza na malazi, na anayeanguka hulipa upya. Mtoto wa mkulima wa Mbale akianguka ameanguka na akiba ya ukoo. Naielewa hofu hiyo, na ndiyo inayouza dampu. Dawa yake ni kutokwenda kabla hujawa tayari. Wala msikimbilie mkopo wenye riba. Kutoka shimo moja na kuingia jingine si kutoka. Anzeni na CCNA, ingieni kazini, hata kama ni kuvuta nyaya na kubadilisha swichi zilizokufa. Kampuni zinazouza na kufunga vifaa vya Cisco zina sababu zao za kibiashara za kutaka wenye CCIE, na baadhi hugharimia mfanyakazi aliyeonyesha bidii. Kabla ya kusaini, someni vizuri utalazimika kukaa nao miaka mingapi.

Siku ya mtihani, na sala

Vituo vya kudumu vya maabara hii ni vichache duniani. Brussels na Dubai zimekuwa miongoni mwavyo, na huwapo pia maabara za kusafiri zinazofika miji mingine. Fika siku mbili kabla, ulale, uijue njia ya kituo.

Saa 8 za mtihani zinaweza kubeba Adhuhuri na Alasiri ndani yake. Brussels mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, kwa hiyo hata Magharibi inaweza kukukuta kwenye kiti. Usingoje siku yenyewe kuwaza hilo. Andika barua pepe mapema kwa kituo, uulize mapumziko ya chakula ni saa ngapi na kama kuna pembe tulivu. Wewe ni msafiri. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, kama hukunuia kukaa hapo siku 4 kamili au zaidi, unaweza kupunguza na kukusanya: Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili kwa wakati mmoja, katika yale mapumziko. Ni dakika chache. Ingia na udhu, na ukivaa khofu baada ya udhu kamili, utapangusa tu na kuokoa muda. Ijumaa iepuke ukiweza kuchagua.

Ndani ya chumba, katika sehemu ile ya saa 5, soma kazi zote kwanza kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi kazi ya mwisho inakwambia jambo litakalobadilisha ulivyofanya ya kwanza. Usanidi wako uhifadhi kila mara, na kila unachomaliza kijaribu kutoka upande wa pili, si upande ulipokifanyia.

Zoezi

Wale wa mwaka wa tatu wajaribu hili kwa FRR wiki hii. Mnazo ruta tatu. Ruta A na C ni zetu, zimeunganishwa moja kwa moja, na zina ujirani wa BGP wa ndani kati yao. Ruta P ni ya mtoa huduma, ina namba yake ya AS, na imeunganishwa na A peke yake. P inatangaza mtandao mmoja. A inauona na kuutumia. C inauona kwenye jedwali lake la BGP, lakini haina ile alama ya njia bora, na pakiti kutoka C hazifiki.

Kwanza elezeni kwa sentensi moja kwa nini C imeikataa njia hiyo. Pili, rekebisheni kwa kuibadilisha A. Tatu, rudisheni kosa, kisha rekebisheni bila kuigusa A kabisa na bila kuandika njia yoyote ya kudumu kwa mkono kwenye C. Muda ni dakika 20, na nyaraka zinaruhusiwa.